Kabla hujalipia kiti cha henzerani Malindi: dalili, sababu na dawa

Kabla hujakipenda kiti, kipindue. Miguu ikiwa juu ndipo utakiona kilivyo: viungo, misumari, mashimo ya wadudu, kamba zilizobadilishwa, na rangi ya sehemu ambazo jua halijazigusa tangu kiti kilipofumwa. Muuzaji akikukataza kukipindua, mshukuru uende zako.

Malindi fanicha hizi hazikosekani. Waitaliano waliizoea pwani yetu tangu miaka ya 1960, kituo chao cha kurushia setilaiti, San Marco, kilipowekwa Ngomeni na setilaiti ikarushwa kutoka jukwaa lake la baharini mwaka 1967. Nyumba za likizo zikafuata, Casuarina, Mayungu mpaka Watamu. Kila mwenye nyumba anapouza au kurudi kwao, viti vyake hutoka kwa mkokoteni na kuishia kwa wauzaji wa vitu vikuukuu. Vingine ni vya thamani kubwa na vinauzwa kama kuni. Vingine ni kuni na vinauzwa kwa bei ya dhahabu. Nitakwenda dalili kwa dalili, lakini shika neno moja tangu mwanzo: unanunua kiunzi, hununui ufumaji. Kilichofumwa hufumwa tena. Mguu ulioliwa ndani haurudi.

Umeambiwa ni mwanzi, na huna hakika

Sokoni kila kitu kinaitwa mwanzi. Mwanzi ni jamii ya nyasi, na ndani yake ni mrija uliogawanywa na vifundo. Henzerani, ambayo vijana wanaiita ratani, ni mtambaazi wa jamii ya mitende unaoparamia miti mikubwa katika misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki, Indonesia hasa, na ndani yake umejaa. Henzerani ikipigwa mvuke hulainika, ikapindwa hata ikawa duara. Mwanzi hupindika kwa shida, ndiyo maana mafundi wengi huukata na kuuunga. Kwa hiyo ukiona mkono wa kiti umezunguka wote bila kiungo, karibu kila mara hiyo ni henzerani.

Tazama chini ya mguu, pale ulipokatwa. Vitundu vidogo vingi kama vya sponji ni henzerani. Tundu moja kubwa ni mwanzi. Ukikuta pamejaa na ni laini pasipo kitundu chochote, pengine ni plastiki, hasa ikiwa vifundo vyote vinafanana kana kwamba vilipigwa chapa moja. Usitumie kiberiti kupima. Kimewahi kuunguza kiti kizuri mbele ya macho yangu, na aliyekuwa anapima hakuwa hata mnunuzi.

Kuna aina ya tatu inayowadanganya hata wazoefu: viti vya Lloyd Loom, ambavyo Waingereza walivipenda sana barazani. Ufumaji wake unafanana na henzerani, kumbe ni karatasi iliyosokotwa. Mmarekani Marshall Burns Lloyd aliibuni mwaka 1917. Nyuzi za kusimama zina waya wa chuma ndani, zile za kulala ni karatasi tupu. Chukua sumaku ndogo, ipitishe juu ya ufumaji. Ikivutwa, umejua. Si kiti kibaya, tena vingi ni imara kuliko unavyodhani, lakini kwetu pwani waya ule hula kutu kwa chumvi ya hewa, kutu ikavimba na karatasi ikapasuka kutoka ndani. Ukiona vidoa vya rangi ya kahawia vinavyofuatana mstari mmoja kutoka juu hadi chini, waya umeshakwenda. Hapo sijaona fundi wa kuurudisha.

Unaambiwa ni cha miaka ya 1950

Muuzaji anaweza kuwa anasema kweli kama alivyoambiwa. Lakini fanya hesabu rahisi. Nyumba iliyojengwa Casuarina mwaka 1985 ilijazwa fanicha za mwaka 1985, isipokuwa mwenyewe alikuja na vitu vya wazazi wake kwenye kontena. Muulize: nyumba ilijengwa lini, vitu vililetwa au vilinunuliwa hapa?

Baada ya vita vya pili vya dunia, henzerani ilipendwa Italia, Denmark na Marekani kwa kuwa ilikuwa nyepesi, haikuwa ghali, na iliwaruhusu wabunifu kuchora mistari ambayo mbao haikubali. Mwitaliano Franco Albini alibuni kiti chake Margherita mwaka 1951, kikatengenezwa na kampuni ya Bonacina, kaskazini mwa Milano. Nanna na Jørgen Ditzel wa Denmark walitoa kiti cha kuning'inia chenye umbo la yai mwaka 1959. Marekani, kampuni ya McGuire ya San Francisco, iliyoanza mwaka 1948, ilijulikana kwa viungo vilivyofungwa kwa ngozi mbichi, na mbunifu Paul Frankl kwa mikono iliyopindwa kwa fito kadhaa za henzerani zilizolala sambamba. Majina haya nakutajia ili ujue macho yatafute nini, si ili uyaulize dukani. Ukiuliza "Hiki ni Albini?", bei inapanda papo hapo na jibu linakuwa ndiyo.

Uzee wa kweli huonekana mahali mwili unapogusa: ncha za mikono, ukingo wa mbele wa kikalio, na ule mti wa chini wa mbele ambao visigino huupiga. Uchakavu ulioenea sawasawa kila mahali, hadi nyuma ya egemeo ambako hakuna anayegusa, ni kazi ya msasa. Rangi ya henzerani nayo hugeuka taratibu, kutoka manjano ya majani makavu hadi rangi ya asali iliyokolea. Fungua kidogo ncha ya ganda, yaani ule utepe wa ngozi ya henzerani, lililozungushwa kwenye kiungo, au tazama chini ya kikalio: pale palipofichwa panapaswa kuwa peupe kuliko pa nje. Rangi ikiwa moja ndani na nje, kiti kimetiwa rangi. Ukisikia harufu ya thina, ujue kimetiwa juzi.

Gundi ya bunduki, ile inayoacha nyuzi kama utando wa buibui, na stepula zilizopangwa kwa wingi kwenye viungo, ni kazi ya siku za karibuni. Hazithibitishi kuwa kiti ni kipya, kwa sababu huenda zilitiwa wakati wa matengenezo. Zinathibitisha tu kuwa aliyetengeneza hakukitakia kiti maisha marefu.

Kiti kinanesa, kinalia ukikikalia

Usikikalie kwanza. Simama nyuma yake, shika egemeo kwa mikono miwili, sukuma kwa mshazari kuelekea mguu wa mbele wa upande wa pili. Kiti kizima hutii kidogo kisha hurudi. Kiti kibovu huenda na hakirudi, au hurudi kwa mlio.

Mlio wa ganda kavu, kama mtu anayetembea juu ya makuti, hauna hatari. Ni ukavu, na mara nyingi huisha ukikipangusa kwa kitambaa kilicholoa na kukiacha kivulini. Mlio wa kukwaruza, wa chuma, ndio wa kuogopa. Ndani ya kiungo, chini ya ganda lililozungushwa vizuri, kuna msumari au skurubu. Hapa Malindi chumvi huufikia hata ukiwa umefunikwa. Kutu huila, tundu linapanuka, na kila mtu anayekaa huupanua zaidi. Kwa nje ganda bado linang'aa, nawe unadhani kiungo ni kizima.

Binyabinya kila kiungo kwa kidole gumba. Ganda likizunguka peke yake kama bangili, ndani hapana kilichoshika. Viungo viwili vya namna hiyo kwenye kiti kizima ni kazi ya siku moja ya fundi. Kama miguu yote minne iko hivyo, utakuwa unanunua fito, basi lipia bei ya fito.

Dawa si waya, wala si msumari mrefu zaidi. Fungua ganda polepole, ung'oe chuma kilichooza, safisha tundu, tia gundi ya mbao na kipini cha mti, kisha skurubu isiyoshika kutu. Ganda jipya liloweke maji ya uvuguvugu nusu saa au zaidi, mpaka lipindike bila kulalamika, ulizungushe likiwa bado na unyevu. Likikauka litajikaza lenyewe. Kama kiungo cha asili kilifungwa kwa ngozi mbichi, usiruhusu fundi aikate kwa sababu tu hajaizoea. Ngozi ile ni nusu ya thamani ya kiti.

Unga mweupe chini ya mguu

Hapa usiharakishe, kwa sababu hapa ndipo mimi nilipoumia. Nilinunua viti viwili vya mikono kwenye nyumba iliyokuwa ikihamwa, shepu safi, ufumaji haujakatika hata uzi. Niliviona vizito kidogo kuliko henzerani, nikafurahi nikidhani ni uimara, na sikuvipindua. Baada ya wiki mbili msichana anayenisaidia nyumbani akaniuliza kwa nini kila asubuhi anafagia unga mahali palepale. Mguu mmoja nilipoubonyeza kwa bisibisi, uliingia kama kwenye mkate. Ulikuwa mwanzi, umebunguliwa wote, umebaki ngozi.

Mdudu wa kwanza wa kumtafuta ni yule mdogo anayetoboa vitundu vya duara vya milimita moja au mbili, akatoa unga laini kama wa kusagwa. Anafuata wanga uliomo ndani ya mwanzi, ndiyo maana mwanzi uliokatwa wakati mbaya au uliokaushwa bila kutibiwa huliwa haraka. Wa pili ni mchwa wa mti mkavu, ambaye haji na udongo. Huyo hatoi unga bali chembe ngumu, mfano wa mbegu ndogondogo. Ukiziweka kiganjani na kuzitazama kwa karibu utaona zina pande. Wa tatu ni mchwa wa ardhini, anayejenga njia za udongo. Huyo ni tatizo la nyumba kuliko la kiti.

Mashimo peke yake hayatoshi kukihukumu kiti. Mashimo ya zamani yana weusi ndani na kingo zilizolainika. Mapya yana rangi ya mti mbichi. Ukishindwa kuamua, mwombe muuzaji akuwekee kiti siku nne juu ya kitambaa cheusi, uone kama unga mpya utadondoka. Nilipomwendea fundi mmoja wa Shela na mguu wangu ule mkononi, nilimuuliza, "Ami, ningejuaje?" Akaugonga kwa ukucha wa kidole, kuanzia juu kushuka chini, akaniambia, "Sikiliza, mwanangu. Mti mzima hujibu. Huu hapa unanyamaza." Tangu siku hiyo nagonga kila mguu, kila mkono, kwa ukucha au kwa sarafu. Sauti ikibadilika ghafla katikati ya fito moja, mahali hapo pana jambo.

Kama kiti unakitaka na wadudu ni wachache, kuna njia za kuwaua. Kwa kigoda au meza ndogo, baridi inafaa: ifunge kwenye plastiki isiyopitisha hewa, uiweke kwenye friza yenye nyuzi 18 chini ya sifuri kwa majuma mawili. Kwa kiti kikubwa, yeyusha gramu 200 za asidi ya boriki na gramu 300 za boraksi katika lita 10 za maji moto, upake pale ambapo mti uko wazi, na kwenye kila tundu uingize kwa bomba la sindano. Vanishi haipitishi dawa hii, kwa hiyo kuipaka juu ya mng'ao ni kuosha tu. Weka mbali na watoto, na vaa glavu. Mafuta ya taa watu wengi wanayatumia, na ni kweli kwamba viwandani henzerani nene huchemshwa kwenye mafuta ili itoke maji na utomvu. Lakini hiyo ni kazi ya kiwandani, kabla ya kiti kuwa kiti. Kumwagia mafuta kiti kilichokwisha kufumwa, ukakiweka sebuleni karibu na jiko, sikushauri hata kidogo.

Cha wadudu wengi kiache. Na usikiingize ndani hata kwa usiku mmoja "ili ufikirie": boriti na makuti ya nyumba yako ni chakula chao pia.

Kikalio kimelegea kama chandarua

Hii ndiyo dalili inayoshusha bei zaidi na ndiyo nyepesi kuitibu, kwa hiyo ifurahie kimoyomoyo. Kama wavu umelegea tu na haujakatika, pindua kiti, loanisha upande wa chini kwa kitambaa cha maji moto mpaka ulowe hasa, kisha uache kivulini usiku mzima bila mtu kukaa. Unaloanisha chini kwa sababu juu ndiko liliko ganda la kung'aa lisilonywa maji. Ukikauka utajikaza. Usiuanike juani, utakauka mbio na kukatika.

Kama umekatika, tazama ukingo wa kikalio. Ukiona matundu yanayozunguka, ulifumwa kwa mkono, uzi kwa uzi, na kuufuma upya ni kazi ya siku kadhaa. Ukiona mfereji wenye kamba nene iliyogandishwa kwa gundi, ni wavu wa kununuliwa kwa mita. Kamba hung'olewa, wavu mpya ukaloweshwa na kugongwa mahali pake. Nyuzi za henzerani zinapatikana Nairobi kwa wale mafundi wanaofuma kando ya Ngong Road. Mwombe dereva wa basi akuletee.

Huku kwetu utaambiwa, "Tia ukili tu, au kamba ya usumba." Kwa kiti cha kukalia barazani ni jibu zuri, na mikono ya wanawake wanaosuka miyaa ni ya kuaminika kuliko mafundi wengi ninaowajua. Ila kwa kiti cha Albini au cha McGuire, mnunuzi wa baadaye ataona umekibadilisha, na bei itafuata.

Madoa na harufu

Weusi wa vidoa vidogo vilivyotawanyika, wenye harufu ya kabati lililofungwa, ni kuvu. Nyumba nyingi za likizo hufungwa tangu masika mpaka kusi iishe, na viti hukaa ndani bila upepo. Brashi kavu kwanza, nje, na upepo ukikupiga mgongoni. Kisha siki na maji, nusu kwa nusu, kwa kitambaa kilichokamuliwa. Jiki kali hula nyuzi. Weusi unaouzunguka msumari ni kutu, rudi kwenye habari ya viungo. Ukungu mweupe ndani ya vanishi ni unyevu ulionaswa, na haudhuru mti.

Mwanzi umepasuka

Ufa mwembamba unaofuata urefu wa mwanzi ni jambo la kawaida kwa kitu cha miaka 60. Uupime kwa ukucha: usipoingia, uache. Ukiingia lakini ukaishia kwenye kifundo, tia gundi, funga kwa uzi mpaka ikauke. Ufa uliovuka kifundo kwenye mguu unaobeba uzito hauna dawa ninayoiamini.

Kimepakwa rangi ya mafuta

Nyeupe kwa kawaida, mara nyingine kijani cha hoteli. Rangi inaweza kuwa ya asili, maana viti vya bustanini vilipakwa tangu mwanzo. Inaweza pia kuwa imeziba mashimo na nyufa. Kuiondoa kwenye ufumaji ni mateso: dawa ya kubandua rangi huingia katikati ya nyuzi na kuzidhoofisha. Kinunue tu ikiwa unaweza kuishi nacho kikiwa na rangi hiyohiyo, na kigonge mara mbili zaidi ya vingine.

Kilikuwa kizima Malindi, kimeanza kutatarika Nairobi

Wanaonipigia simu kwa hili ni wengi, na wanadhani wametapeliwa. Hawakutapeliwa. Kiti kilichokaa miaka 30 kwenye hewa ya bahari kimejaa unyevu, na kikifika bara mwezi wa Januari, hewa kavu inaunyonya kwa siku chache. Ganda hujikunja, ncha zake zikafumuka, mwanzi ukapasuka usiku kwa mlio kama wa kijiti.

Ukinunua ili ukisafirishe, kisafirishe wakati wa mvua ukiweza. Kikifika, kisiwekwe dirishani wala karibu na moshi wa meko. Kwa mwezi mmoja wa kwanza, kila baada ya siku tatu, kipuliziwe maji kidogo upande wa chini, kisha kifunikwe kwa shuka ya pamba, isiwe plastiki. Ncha ya ganda ikifumuka, iloweshe, irudishe, itie tone la gundi na uibane kwa kibanio cha nguo. Na basini kisifungwe juu ya keria kwa kamba ya manila inayokata mikono ya kiti kila gari likiruka tuta. Kizungushie leso kuukuu kwanza, ndipo kamba ije juu yake, na miguu itazame juu.